Vilima viwili vinavyotazamana, Barolo mbili tofauti: ni udongo, hali ya hewa au mkono wa mtengenezaji?

Mkulima wa Hombolo aliandika:

Ndugu wanajukwaa, salamu.

Ninalima zabibu ekari mbili na nusu huku Hombolo, nje ya mji wa Dodoma, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiuza Makutupora nyekundu bila kujisumbua kujua kinachotokea baada ya lori kuondoka shambani. Mwezi uliopita binamu yangu anayeishi Torino, kaskazini mwa Italia, alikuja likizo na chupa mbili za mvinyo mwekundu wa Barolo. Zote mbili ni za mavuno ya mwaka 2016. Moja inatoka kijiji cha La Morra na ya pili inatoka Serralunga d'Alba. Alinieleza kuwa Barolo hutengenezwa kwa zabibu aina ya Nebbiolo peke yake, kwamba sheria hairuhusu kuchanganya na zabibu nyingine, na kwamba ukisimama kwenye kijiji kimoja unakiona kingine ng'ambo ya mabonde.

Tulizifungua jioni moja tukiwa na mbuzi choma, na mambo matatu yamenikosesha usingizi tangu siku hiyo. Kwanza ni rangi. Kwa bei niliyotajiwa nilitarajia rangi ya damu ya mzee, lakini nikaona wekundu mwepesi kama juisi ya choya iliyoongezwa maji, na pembeni mwa glasi rangi ilielekea kuwa ya tofali. Pili ni ukakasi: ulimi ulinata kama wa mtu aliyetafuna ndizi mbichi, jambo ambalo sikulitarajia kwa mvinyo mwembamba kiasi kile. Tatu, na hili ndilo swali langu hasa, chupa zile hazikufanana. Ile ya La Morra ilikuwa na harufu ya waridi na ikateremka kwa upole, ilhali ile ya Serralunga ilikuwa ngumu, imejifunga, na ilianza kufunguka siku ya pili tu, baada ya kuachwa wazi usiku kucha.

Jirani yangu mkulima anasema ni udongo. Rafiki yangu aliyewahi kuwa afisa ugani anasema ni hali ya hewa. Kijana wangu anasema ni maneno ya wafanyabiashara na kwamba mimi ningeshindwa kuzitofautisha kama ningefungwa kitambaa machoni. Je, zabibu ile ile, mwaka ule ule, kilomita chache tu kati ya shamba na shamba, nini kinachoweza kuleta tofauti hiyo? Na swali dogo la pembeni: ikiwa siri iko kwenye mmea, nikipata vipando vya Nebbiolo vitakubali huku kwetu?

Mvunaji wa Oktoba alijibu:

Ndugu Mkulima, salamu kutoka Torino. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa na nimefanya kazi ya kuvuna zabibu katika vilima vya Langhe, huko huko inakotoka Barolo, kwa misimu kadhaa, kwa hiyo nitasema niliyoyaona na niliyofundishwa na wazee wa huko. Habari za miamba nitawaachia wenye elimu yao.

Nianze na kalenda, kwa sababu nadhani bila kalenda hutaielewa Barolo. Nebbiolo ni mzabibu wa mapema kuchipua na wa mwisho kuvunwa. Macho yake hufunguka mwezi Aprili, wakati ambapo jalidi ya usiku bado inaweza kuunguza machipukizi. Maua hutoka Juni, zabibu hubadilika rangi Agosti, na kwa desturi mavuno yake hufanyika Oktoba, wakati zabibu za Dolcetto na Barbera za mashamba yale yale zimekwisha kuvunwa na kukamuliwa. Hiyo ni takriban miezi sita kutoka jicho hadi kishada. Wengi hulihusisha jina lake na neno la Kiitalia nebbia, yaani ukungu, na aliyewahi kuamka huko alfajiri ya Oktoba hawezi kubisha: mabonde yote hujaa weupe na vilele vya vilima hubaki kama visiwa wakati wa maji kujaa.

Mmea unaodai muda mrefu hivyo, katika nchi yenye majira ya baridi, hauwezi kupandwa popote. Barolo iko karibu na nyuzi 44 na nusu kaskazini mwa ikweta. Mwezi Juni mchana wa huko huzidi saa 15, lakini kufikia Oktoba jua limeshuka na kuwa la pembeni, na hapo ndipo mwelekeo wa mteremko unapoamua kila kitu. Mteremko unaotazama kusini au kusini-magharibi hulipokea jua hilo dhaifu kwa kifua, ilhali unaotazama kaskazini hupata kivuli. Wazee walikuwa na kipimo chao kisichohitaji mashine: walitazama theluji inapoyeyuka kwanza, wakapanda Nebbiolo hapo. Mahali pa namna hiyo penye jua huitwa sorì kwa lugha yao, na kilele cha kilima huitwa bricco. Maneno hayo bado utayaona kwenye lebo za chupa. Barbera na Dolcetto zilipewa sehemu za daraja la pili, na upande wa kaskazini uliachiwa miti ya hazeli, ile ambayo kokwa zake husagwa kutengenezea krimu ya chokoleti.

Leo desturi hiyo imekuwa sheria. Mashamba ya Barolo yamo katika wilaya ndogo 11 tu, mteremko unaotazama kaskazini kabisa hauruhusiwi, mabonde hayaruhusiwi, na shamba lazima liwe kati ya mita 170 na 540 juu ya usawa wa bahari. Sababu ya kukataza mabonde ni kwamba hewa ya baridi ni nzito. Usiku huteremka kama maji na kutuama chini, ikaleta jalidi wakati wa kuchipua na unyevu wa kuoza wakati wa kuvuna. Tena mkulima haruhusiwi kuvuna zaidi ya tani 8 kwa hekta, hata kama shamba lingeweza kutoa mara mbili yake.

Kuhusu chupa zako, usisahau kwamba baadhi ya mashamba ya La Morra yako juu sana kuliko mengi ya jirani zake, na usiku wa Septemba huko juu ni wa baridi. Mchana wa joto hutengeneza sukari, na usiku wa baridi huzuia asidi na harufu zisipotee. Ukitaka kuona nguvu ya joto peke yake, tazama Barbaresco, ambayo pia ni Nebbiolo tupu, mwendo mfupi tu upande wa pili wa mji wa Alba. Mashamba yake kwa jumla yako chini zaidi na karibu zaidi na mto Tanaro, hivyo zabibu huiva mapema kidogo, na sheria huiruhusu Barbaresco kutoka ghalani baada ya miezi 26, huku Barolo ikisubiri miezi 38, na kati ya hiyo 18 iwe ndani ya mapipa ya mbao.

Mwaka nao una neno lake. Septemba 2002 mvua ya mawe ilipiga eneo hilo, na wengi hawakutoa Barolo kabisa. Mwaka 2003 joto lilikausha majani. Mwaka 2014 kiangazi kilikuwa cha mvua. Mwaka 2016 wa chupa zako ulikuwa mrefu na mtulivu, ndiyo maana watu wanausifu. Kisha ukaja 2022, ambapo majira ya baridi na ya kuchipua yalipita karibu bila mvua, na nikavuna Nebbiolo mwezi Septemba nikiwa nimevaa fulana, jambo ambalo wazee waliniambia lingekuwa kichekesho zamani za ujana wao. Siku hizi baadhi ya wakulima wanaitazama upya ile miteremko ya juu na ya baridi ambayo babu zao waliidharau.

Mpima Miamba alijibu:

Ndugu Mkulima, mimi kazi yangu ni miamba na nimesoma jiolojia, kwa hiyo nitalijibu la jirani yako, lakini kwanza niondoe dhana moja inayosumbua mazungumzo ya aina hii. Mzabibu haunyonyi ladha ya jiwe. Mizizi hunyonya maji na chumvi chache zilizoyeyuka ndani yake, kwa viwango vidogo sana, na nyingi ya chumvi hizo hazina ladha tunayoweza kuitambua katika glasi. Mtu akikuambia anaonja chokaa ya Serralunga, mchukulie kama mtu anayesema sauti fulani ni tamu: ni tamathali ya usemi. Mwanajiolojia Alex Maltman wa Wales ameliandika jambo hili kwa miaka mingi, nami nakubaliana naye.

Hata hivyo haimaanishi kwamba jirani yako amekosea. Udongo hufanya kazi kubwa, ila kazi yenyewe ni ya kupima maji.

Vilima vyote vya Langhe ni sakafu ya bahari ya kale iliyoinuliwa. Upande wa magharibi, yaani La Morra na sehemu kubwa ya Barolo yenyewe, tabaka ni za enzi ya Tortoni, kati ya miaka milioni 11.6 na 7.2 iliyopita: ni udongo laini wa mfinyanzi, wa kijivu-buluu, uliochanganyika na chokaa, wenye mabaki ya viumbe wa baharini. Upande wa mashariki, Serralunga na sehemu ya Monforte, tabaka ni za zamani zaidi, za enzi ya Seravali, kati ya miaka milioni 13.8 na 11.6 iliyopita, ambazo vitabu vya zamani viliziita za Helveti. Hapo mfinyanzi ni mgumu zaidi, chokaa ni nyingi zaidi, na katikati yake kuna mikanda ya jiwe la mchanga. Kwa miaka mingi barabara ya kutoka Alba kwenda Barolo imechukuliwa kuwa mpaka wa pande hizo mbili, na kanuni iliyokaririwa ni kwamba magharibi yake mvinyo ni laini na wenye harufu, mashariki yake ni mgumu na wa kudumu. Chupa zako mbili zimekariri somo hilo neno kwa neno.

Kanuni hiyo inasaidia, lakini inarahisisha mno. Castiglione Falletto iliyo katikati ina mchanga mwingi ulioganda kuwa jiwe. Kilima cha Cannubi, kilichojulikana kiasi kwamba jina lake limo kwenye chupa ya mwaka 1752 iliyohifadhiwa hadi leo, kiko mahali ambapo enzi zote mbili zinakutana. Na pembeni kabisa upande wa Verduno kuna tabaka zenye jasi, ukumbusho wa wakati ule ambapo Bahari ya Mediterania ilikauka kwa sehemu kubwa na kuacha chumvi na jasi nyuma yake. (Naomba radhi, nikifika kwenye Mediterania iliyokauka huwa napoteza njia.)

Turudi kwenye maji. Kwa desturi mashamba ya huko hayamwagiliwi. Mzabibu huishi kwa mvua ya majira ya kuchipua iliyohifadhiwa ardhini, na kinachotofautisha shamba na shamba ni kasi ambayo ardhi hutoa akiba hiyo mwezi Julai na Agosti. Udongo ukiwa na maji mengi mno, mmea unaendelea kurefusha matawi, zabibu zinavimba, na juisi inazidi maganda. Maji yakipungua kidogo kidogo kabla ya zabibu kubadilika rangi, matawi husimama, punje hubaki ndogo, na kwa kuwa tanini (zile zinazoleta ukakasi ulimini) na rangi ziko kwenye maganda na mbegu, mvinyo hupata uzito. Yakipungua ghafla au kupita kiasi, majani hufunga vinyweleo vyake, usanisinuru unasimama, na zabibu hukauka kabla hazijaiva. Mfinyanzi wenye chokaa unafaa hapo kwa sababu kalisi huzifunga chembe za mfinyanzi kuwa vibonge, hivyo udongo unashika maji lakini haugeuki kuwa tope la kuzamisha mizizi. Mchanga kwa upande wake huachia maji upesi na hupata joto upesi. Ukivuka mto Tanaro ukaingia Roero, ambako mchanga umetawala, zabibu ni ile ile Nebbiolo lakini mvinyo kwa kawaida ni mwepesi na hunywewa mapema.

Kwa wanaotaka ushahidi wa kupimwa badala ya simulizi, uko kutoka Bordeaux, Ufaransa. Huko Gérard Seguin alionyesha kwamba mashamba bora hayakufanana kikemia hata kidogo. Kilichoyaunganisha ni namna yalivyodhibiti maji ya mzabibu. Baadaye, mwaka 2004, Cornelis van Leeuwen na wenzake walichapisha matokeo ya miaka mitano ya kulinganisha aina tatu za zabibu kwenye aina tatu za udongo. Hali ya hewa ya mwaka ndiyo iliyokuwa na nguvu zaidi katika vipimo vingi, udongo ukafuata, aina ya zabibu ikawa ya mwisho, na sehemu kubwa ya athari za hali ya hewa na za udongo ilielezeka kwa kitu kimoja: hali ya maji ndani ya mmea. Kwa hiyo jirani yako na rafiki yako wanabishana juu ya mtungi mmoja, mmoja akitazama anayeujaza na mwingine akitazama tundu lake la chini.

Ama rangi hafifu, hiyo usiitafute ardhini. Nebbiolo kwa maumbile yake ina chembe za rangi za aina isiyo thabiti, zinazofifia na kuelekea rangi ya tofali mapema, huku tanini zake zikiwa nyingi. Ungeipanda popote duniani rangi ingekuwa hiyo hiyo.

Mwenye Shaka alijibu:

Nimesoma majibu yote mawili kwa heshima, lakini nadhani kijana wa Ndugu Mkulima hajatendewa haki. Mnazungumza kana kwamba zabibu inatembea yenyewe kutoka mteremko hadi chupa.

Miaka ya 1980 watengenezaji vijana wa Langhe waliasi desturi za baba zao. Zamani maganda yaliachwa ndani ya juisi inayochachuka kwa mwezi mmoja na zaidi, kisha mvinyo ukawekwa miaka mingi kwenye mapipa makubwa ya mwaloni wa Slavonia, ambayo hayatoi ladha ya mbao. Vijana wakapunguza siku za maganda hadi chache tu na kuleta mapipa madogo ya Kifaransa ya lita 225, mapya, yenye harufu ya vanila. Mvinyo ukawa mweusi zaidi, laini zaidi, na ukapendwa sana Marekani. Ugomvi huo uliitwa vita vya Barolo, na uligawanya hata familia. Sasa niambieni: katika miaka ile, tofauti ya chupa mbili ilitoka Tortoni na Seravali, au ilitoka kwenye pipa?

Kuna na suala la fedha. Mwaka 2010 majina ya maeneo ya Barolo yaliwekwa rasmi kisheria, yakafika 181. Hekta moja ya shamba la Barolo leo huuzwa zaidi ya euro milioni moja. Mtu aliyenunua ardhi kwa bei hiyo ana kila sababu ya kuniaminisha kwamba mteremko wake una kitu ambacho mteremko wa jirani hauna. Sikatai kwamba jua na maji vina kazi. Nakataa kwamba ulimi wa binadamu unaweza kuyasoma majina 181.

Mpima Miamba alijibu:

Ndugu Mwenye Shaka, kuhusu majina 181 niko upande wako. Mengine yalichorwa kwa kalamu ya siasa za vijiji kuliko kwa nyundo ya mwanajiolojia, na lipo eneo moja au mawili makubwa kiasi kwamba ndani yake mna udongo wa kila namna.

Lakini mfano wako wa mapipa unanipa nguvu mimi. Lalamiko kubwa dhidi ya mapipa madogo lilikuwa kwamba yaliifanya Serralunga ifanane na La Morra. Ili tofauti ifunikwe, sharti iwe ilikuwapo. Tangu wengi waliporudi kwenye mapipa makubwa, au walipoanza kutumia madogo kwa kiasi, tofauti za vijiji zimerudi kuzungumzwa. Mkono wa mtengenezaji unaweza kuuzima udongo, ila hauwezi kuupa mvinyo wa Roero mifupa ya Serralunga.

Mkulima, kabla sijasahau: chokaa hiyo hiyo inayosifiwa ni adui wa mzabibu pia. Ikizidi, mmea unashindwa kupata chuma na majani yanageuka manjano. Baada ya mdudu filoksera kuangamiza mizabibu ya Ulaya, ilibidi ibandikwe juu ya mashina ya Kimarekani, lakini mashina ya kwanza yalikufa kwenye chokaa. Mwaka 1887 Ufaransa ilimtuma Pierre Viala hadi Marekani, na huko Texas akaonyeshwa mzabibu mwitu unaostahimili chokaa. Shina liitwalo 420A, linalotumika sana Langhe hadi leo, lina damu ya mzabibu huo. Kwa hiyo hata huo udongo wa ajabu wa Barolo hufanya kazi leo kwa mizizi iliyotoka ng'ambo ya bahari.

Mkulima wa Hombolo aliandika:

Nawashukuru sana. Nimemsomea kijana wangu hoja za Ndugu Mwenye Shaka na amefurahi kupita kiasi.

Bado sijajibiwa lile swali dogo. Shamba langu liko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,000, mvua yetu ni kidogo na hunyesha kati ya Desemba na Aprili, na kama wengi hapa ninavuna mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba. Hupogoa kwa kuacha macho mawili au matatu. Binamu yangu yuko tayari kuniletea vipando vya Nebbiolo kwenye sanduku lake safari ijayo. Je, nimwambie alete?

Bibi Shamba alijibu:

Mwanangu, mwambie asilete. Sababu ya kwanza ni ya sheria na ya usalama wa jirani zako: vipando haviingii nchini bila kibali na ukaguzi wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, kwa kuwa kijiti kimoja kisicho na dalili kinaweza kubeba virusi, au ile filoksera aliyoitaja Ndugu Mpima Miamba. Mizabibu ya Dodoma ni riziki ya watu wengi mno kuhatarishwa kwa ajili ya sanduku moja.

Sababu ya pili ni ya mmea wenyewe, na nimefanya kazi na mizabibu muda wa kutosha kuieleza. Nebbiolo ina tabia ya ajabu: macho mawili matatu ya mwanzo wa tawi karibu hayazai. Ukipogoa kama ulivyozoea, utapata majani mazuri na vishada vya kuhesabika. Ndiyo maana huko Langhe huacha tawi refu lenye macho mengi na kulilaza kwenye waya. Sasa tazama mtego: katika nchi zisizo na baridi kali, mzabibu haulali usingizi wa majira ya baridi, na tawi refu likiachwa, macho ya nchani huchipua kwanza na kuyazuia yale ya katikati. Huko kwao baridi huyaamsha macho yote karibu kwa pamoja. Kwetu kinachochukua nafasi ya baridi ni mkasi wako. Kwa hiyo mmea huu unadai tawi refu, na nchi yetu inaliadhibu tawi refu. Kuna dawa za kuyaamsha macho, lakini ni sumu kali na gharama yake ungeihisi.

Tena Nebbiolo inataka miezi sita ya msimu mmoja, ilhali wewe una mizunguko miwili ya miezi minne hadi mitano. Ungelazimika kuuacha mmoja.

Ila katika majibu ya hapo juu kuna jambo unaloweza kulitumia bila kipando chochote cha kigeni. Mavuno yako mawili ni hali mbili za hewa kwenye udongo mmoja. Zabibu za Februari huiva katikati ya mvua, maji hayazuiliki, punje huvimba na magonjwa ya ukungu husumbua. Zabibu za Agosti huiva katika ukame, baada ya usiku wa baridi wa Juni na Julai, na maji yote yanayoingia ardhini ni yale unayoyatoa wewe kwa mpira wa matone. Mkulima wa Serralunga hana uhuru huo. Yeye humngojea Mungu na mfinyanzi. Wewe unaweza kuyapunguza maji kidogo kabla zabibu hazijabadilika rangi, uone punje zinavyokuwa. Lakini usiyakate kabisa, maana kama shamba lako ni la kichanga halina akiba ya kulinda majani.

Kabla ya hayo, chimba shimo la mita moja na nusu upande wa juu wa shamba na jingine upande wa chini, utuambie ulichokuta.

Mkulima wa Hombolo aliandika:

Shikamoo Bibi. Nimechimba jana na leo. Upande wa chini ni kichanga chekundu mpaka nilipochoka. Upande wa juu ni kichanga kile kile mpaka usawa wa magoti, halafu sururu ikagonga tabaka jeupe gumu. Nililidondoshea siki ya jikoni likachemka povu. Mizizi imepita kwenye nyufa zake na kushuka. Sasa nimekumbuka kwamba mistari ile ya juu huwa inachelewa kunyauka Septemba, nami siku zote nilidhani ni kwa sababu iko karibu na tangi.

Binamu nimemwambia aache vipando. Nimemwomba aniletee mitungi miwili ya kioo ya lita 50, nikamue zabibu za Agosti za juu na za chini mbalimbali, na kijana wangu amekubali kuonja akiwa amefungwa kitambaa.